Waifai mbili nyumba moja, printa haionekani na chumba cha nyuma video inazunguka tu. Msaada wakuu (Moshi)

MamaSteshenari
Wakuu habari za jioni, poleni na mihangaiko. Niko Moshi huku Pasua, nina steshenari chumba cha mbele cha nyumba, familia tunakaa nyuma. Nilivuta faiba, fundi wa kampuni akafunga kisanduku chao hapo hapo dukani na ilikuwa inaenda vizuri tu, napokea kazi za wateja WhatsApp, naprinti, naskani, maisha yanasonga. Sasa kaka yangu alivyokuja likizo kutoka Marekani akaniachia rauta ya Apple, ile nyeupe ndefu inayosimama, AirPort Extreme, akasema hii ina nguvu kuliko ya kampuni. Akaichomeka kwa waya kwenye kisanduku cha kampuni, vyote viwili akaviweka juu ya friza ya soda, akaipa jina lake na paswedi yake, akarudi zake.

Tangu hapo nina waifai mbili ndani ya nyumba na hakuna hata moja inayonipa raha. Laptopu ya dukani inashika ya Apple, printa iko kwenye ya kampuni tangu zamani, basi nikituma kazi printa haionekani mpaka nihame waifai ndo inatoka, na mteja amesimama kaunta na fomu yake ya mkopo wa chuo, dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Huku nyuma binti yangu ana vipindi vya mtandaoni jioni, simu inaonyesha vijiti vimejaa kabisa lakini video inazunguka tu, sauti inakatika, juzi katolewa kwenye kipindi mwalimu akiwa anamuuliza swali, akalia, na mimi roho iliniuma sana maana anajituma huyu mtoto.

Taa ya hiyo Apple inawaka na kuzima rangi ya chungwa muda wote. Nilipiga simu huduma kwa wateja nikaambiwa nipandishe kifurushi. Nalipia cha Mbps 20 (ndo spidi yenyewe ya intaneti), kupanda juu ya hapo kwa biashara kama yangu si jambo la kukurupukia. Nimejaribu kuingia setingi za Apple kwa kivinjari kama tunavyofanya kwa rauta zingine, nimeandika 10.0.1.1 haifunguki kitu, natumia simu ya Android. Na lingine, paswedi ya waifai ya kampuni imebandikwa ukutani dukani ili wateja watume kazi zao, kwa hiyo mtaa mzima wanayo.

Mimi si fundi ila nikielekezwa naelewa. Natanguliza shukrani.

KijanaWaNjiro
Dada pole sana, na asante kwa kueleza kila kitu, wengi huwa wanaandika "waifai yangu mbovu" halafu wanaishia hapo. Mimi kazi yangu ni kufunga netiweki za majumbani na za lodge hapa Arusha, hali kama yako nakutana nayo mno.

La kwanza kabisa, usipandishe kifurushi. Intaneti inayoingia nyumbani kwako ni kitu kimoja, na waifai inayoisambaza humo ndani ni kitu kingine, watu wanavichanganya kila siku na wanalipa hela bure. Hiyo Apple ya 2013 inaweza kupitisha mpaka Mbps 1300 hewani kwenye mawimbi ya 5 GHz (waifai hutumia bendi mbili za mawimbi, 2.4 na 5) kwa maandishi ya kiwandani, wewe unalipia 20, kwa hiyo wala haijaribiwi hata kidogo, shida si udogo wa bomba. Fanya hivi: chukua simu, simama hatua mbili tatu kutoka kwenye visanduku, shika waifai ya kampuni upime spidi, halafu shika ya Apple upime, kisha nenda chumba cha binti urudie zote mbili. Andika namba. Ukiona dukani unapata karibu na 20 basi kampuni imeshakuletea haki yako yote, ugonjwa uko ndani ya nyumba.

La pili, taa. Nina uhakika mkubwa kinacholalamikiwa hapo ni NAT mbili, yaani rauta mbili zinafanya kazi ile ile moja nyuma ya nyingine. Kisanduku cha kampuni kazi yake mojawapo ni kugawa anwani za IP (namba ya kukitambulisha kila kifaa) kwa vifaa vya nyumbani, mara nyingi zinaanza na 192.168. Kaka yako alivyochomeka Apple bila kubadilisha kitu, nayo ikaanza kugawa za kwake, zinaanza na 10.0.1. Sasa hapo una kiwanja kimoja chenye mageti mawili, moja ndani ya lingine, na kila geti lina mlinzi wake na daftari lake la wageni. Printa iko geti la nje, laptopu iko geti la ndani. Printa huwa inatangaza "mimi nipo hapa" kwa majirani zake tu, tangazo lile halivuki kwenda kwenye geti la pili, ndo maana laptopu haiioni. Kuperuzi kwa kawaida kunaenda, WhatsApp inaenda, lakini printa, kamera za kuangalia ukiwa mbali, magemu, vitu hivyo vinasumbua.

Dawa yake ni kuiambia Apple iache kugawa anwani, ibaki kusambaza waifai tu, wenyewe wanaita Bridge Mode. Na kuhusu kivinjari usihangaike, AirPort hazina ukurasa wa setingi wa kivinjari kama rauta zingine, zinatengenezwa kwa programu yake inaitwa AirPort Utility, iko kwa iPhone, iPad na Mac, kwa Android haipo. Azima iPhone ya mtu, pakua hiyo programu, shika waifai ya Apple, fungua, utaona picha ya rauta yako, iguse, chagua kuhariri, itadai paswedi ya kifaa chenyewe (siyo lazima iwe sawa na ya waifai, muulize kaka). Kwenye iPhone ingia Advanced, kwenye Mac ni chini ya Network, tafuta panapotaja DHCP na NAT, badilisha iwe Bridge Mode, sevu. Itajizima na kujiwasha yenyewe, iache itulie.

Kaka akiwa ameshasahau paswedi, kuna kitufe kidogo cha riseti kwa nyuma. Chomoa umeme, kibonyeze na kitu chembamba, endelea kukishikilia huku unachomeka umeme mpaka taa ianze kuwaka haraka haraka, achia. Hapo inarudi kama ilivyotoka dukani na unaanza upya. Ila muulize kwanza maana hiyo inafuta kila alichoweka.

Mzigo_Mzito
Mbona mnamzungusha dada wa watu, nunua eksitenda chomeka koridoni biashara imeisha. Zimejaa madukani.

KijanaWaNjiro
@Mzigo_Mzito mkuu eksitenda nyingi za bei nafuu zina redio moja tu, inasikiliza kutoka rauta halafu inarudia kwa kutumia hewa ile ile, kwa hiyo spidi inakatika karibu nusu kabla hujafika popote. Na ukiichomeka mahali ambapo waifai imeshachoka itarudia uchovu ule ule kwa sauti kubwa, simu itaonyesha vijiti vimejaa na video bado inazunguka. Yeye tayari ana rauta mbili nzuri ndani, cha tatu cha nini? Ningemwambia anunue waya kabla ya eksitenda.

MamaSteshenari
Jamani asanteni. Jirani kaniazima iPhone yake leo mchana, kaka kanitumia paswedi ya kifaa kwa WhatsApp, nimefuata kama ulivyosema kaka wa Njiro, nikabadilisha ikajizima ikawaka, TAA IMEKUWA YA KIJANI. Na printa imeonekana kwenye laptopu hapo hapo bila kuhama waifai, nimeprinti kurasa za mteja huku nikiwa kwenye ile ya Apple. Nimefurahi mno, hilo peke yake limenipunguzia kazi nusu.

Vipimo ni hivi. Dukani waifai ya kampuni 18 mpaka 19, ya Apple 19. Chumba cha binti ya kampuni 2, wakati mwingine inashuka chini ya hapo, ya Apple 3 au 4, inapanda inashuka. Na vijiti vimejaa! Hicho ndo sikielewi. Kutoka dukani mpaka chumba chake kuna kuta tatu za tofali za bloku na koridoo, na nje ya ukuta wa mwisho wa duka kuna simtanki.

MzeeWaRau
Habari zenu wanangu. Mimi nimefanya kazi na redio za mawasiliano maisha yangu yote mpaka nilipostaafu, sasa nimetulia huku Rau, na waifai ni redio kama redio nyingine, ikieleweka hivyo mambo mengi yanakaa sawa.

Mama, vile vijiti vinakuambia jambo moja tu, kwamba simu inaisikia rauta. Havisemi kama rauta nayo inaisikia simu. Simu ina kitoa mawimbi kidogo, haitoi nguvu kama rauta iliyochomekwa ukutani, kwa hiyo rauta inafika kwa binti ikiwa na sauti nzima lakini binti akijibu, jibu linafika dukani limechoka, linarudiwa tena na tena mpaka lieleweke. Halafu vijiti havisemi kama hewa ina nafasi. Waifai zote za mtaani zinapokezana kuzungumza kwenye hewa moja, mmoja akizungumza wengine wa chaneli ile (njia ile ile ya mawimbi) wanasubiri. Ukikaa eneo lenye nyumba zimebanana kama Pasua au Majengo, jioni watu wote wakirudi makwao, kusubiri ndiko kunakoua video. Ndiyo maana hata mchana utaona afadhali kidogo.

Sasa tuangalie hiyo hewa. Bendi ya 2.4 GHz nchi nyingi zina chaneli 13, lakini zimepangwa kila MHz 5 wakati mazungumzo yenyewe yanachukua upana wa MHz 20, kwa hiyo chaneli ya 3 inakanyaga ya 1 na ya 6 kwa pamoja. Zisizokanyagana ni 1, 6 na 11, basi. Rauta nyingi za kampuni zinakuja zimewekwa otomatiki au zimewekwa upana wa MHz 40 ili zionekane na spidi kubwa, kwenye mtaa wenye watu hilo ni kosa na si uungwana, unachukua karibu bendi nzima na bado hupati kitu kwa sababu unagombana na kila mtu. Weka MHz 20 na ufunge chaneli moja katika hizo tatu. Usiweke 12 wala 13 maana kuna simu na laptopu zilizotengenezewa soko la Marekani haziioni waifai ikiwa huko, na ukizingatia vifaa vya mitumba tulivyo navyo hapa utaumia kichwa kutafuta sababu. Bendi ya 5 GHz ina chaneli nyingi na majirani wachache, ila haipendi ukuta. Ukuta mmoja wa bloku inapita kwa shida, tatu usitegemee.

Na hapo juu ya friza paondolewe mama. Friza ni bati tupu, linarudisha mawimbi, na visanduku viwili vikikaa bega kwa bega na vikajichagulia chaneli moja vinakuwa majirani wanaosubiriana ndani ya nyumba yako mwenyewe. Simtanki nayo, maji yanameza mawimbi ya 2.4 kweli kweli, ukijaza tanki utakuta chumba kilicho nyuma yake kimefifia kuliko likiwa tupu.

Ushauri wangu, hiyo Apple ihamie nyuma. Ibaki hivyo hivyo kwenye Bridge Mode, vuta waya wa LAN (waya wa mtandao) kutoka dukani mpaka koridoni karibu na chumba cha binti, waya huo unaruhusiwa mpaka mita 100, nyumba yako haifiki hata nusu ya hapo. Nunua waya wa aina ya Cat6 wa shaba halisi. Kuna ile ya alumini iliyopakwa shaba juu, ni nyepesi ukiishika na ukikwangua ncha kwa kisu unaona weupe ndani, hiyo iache dukani kwao. Ukipita juu ya dari peleka mbali na nyaya za umeme, ukilazimika kupita nje weka ndani ya bomba, jua letu linakausha ganda la waya mpaka linapasuka.

Dukani kisanduku cha kampuni weka chaneli 1, Apple ya nyuma weka 6 au 11. Kwa 5 GHz dukani 36, nyuma 149 kama inakuruhusu. Zile za katikati, kuanzia 52 mpaka zile za mia na arobaini na kitu, zinatumika pamoja na rada, rauta inalazimika kusikiliza kwanza kama dakika moja kabla ya kuanza kurusha na ikisikia rada inahama hapo hapo, kwa mtu aliye kwenye kipindi sipendi kumweka huko.

BintiWaSakina
Shikamoo mzee, umeeleza vizuri hadi nimesevu. Niongezee upande wa usalama maana dada umegusia ile paswedi ya ukutani na watu wamepita kama hawajaona, na mimi hilo ndo lililonishtua kuliko taa. Kwenye waifai hiyo hiyo ya wateja kuna printa yako, laptopu yenye vitambulisho vya watu, vyeti vya watu, fomu za mikopo zenye namba za NIDA na za akaunti. Watu wamekuamini na vitu vyao. Mtu yeyote aliyeshika hiyo waifai yuko ndani ya nyumba tayari.

Ingia kwenye kisanduku cha kampuni kwa kivinjari, anwani yake mara nyingi imebandikwa chini ya kisanduku pamoja na jina la kuingilia, inaweza kuwa 192.168.1.1 au 192.168.100.1 au nyingine. Ukishaingia tu badilisha kwanza paswedi ya kuingilia setingi, ile ya kiwandani watu wanaikuta imeandikwa mtandaoni. Kisha nenda sehemu ya waifai, kwenye usalama chagua WPA2 (ni aina ya ulinzi wa waifai), kama kuna WPA3 na vifaa vyako vinakubali ni bora zaidi, ila Apple yako haina WPA3 maana WPA3 ilitangazwa 2018 na Apple waliacha kutengeneza AirPort mwaka huo huo. Ukikuta WEP, ulinzi wa zamani, popote kimbia, inavunjwa kwa dakika chache. Zima WPS pia, ile ya kubonyeza kitufe au kuweka PIN, PIN yake ilishathibitika tangu 2011 kwamba inakisiwa.

Paswedi yenyewe inaruhusiwa herufi 8 mpaka 63. Usiweke jina la duka na mwaka. Chukua maneno manne yasiyohusiana, yaunganishe, ndefu lakini unaikumbuka. Hiyo iwe ya familia na vifaa vya kazi tu.

Kwa wateja, angalia kama kisanduku cha kampuni kinakuruhusu kuongeza jina la pili la waifai au kina mtandao wa wageni. Vingi vinaruhusu. Ila hapa naomba uwe makini sana, jina la pili peke yake halitoshi, tafuta kitufe cha kutenga wageni wasione vifaa vingine, huwa wanaita isolation. Kisipowashwa mgeni ana paswedi tofauti lakini bado anaiona printa yako. Ukimaliza jaribu mwenyewe, shika waifai ya wageni kwa simu ujaribu kuprinti, ikigoma ndo vizuri.

Na usitumie mtandao wa wageni wa ile Apple. Ikiwa kwenye Bridge Mode yenyewe haigawi anwani tena, kwa hiyo mgeni anashika jina lakini hapati intaneti, au hata hilo jina halikubali kuwashwa. Wageni wako wako mbele dukani hata hivyo, kisanduku cha mbele kinawatosha.

ChaliiWaKijenge
Kwani asizuie kwa MAC adresi (ile namba ya kila kifaa kwenye waifai), anaandika vifaa vyake tu vingine vyote nje? Mi ndo nlifanya ghetto.

BintiWaSakina
@ChaliiWaKijenge hiyo ilikuwa na maana zamani kaka. Android kuanzia ya 10 na iPhone kuanzia iOS 14 zinatumia MAC ya bandia kwenye kila waifai, kwa hiyo simu za nyumbani kwake mwenyewe zinaweza kukataliwa siku hata haelewi kwa nini. Na anayetaka kuingia kwa nguvu anasikiliza hewani tu, MAC hazifichwi, anachukua moja anaivaa. Utapata usumbufu wote na ulinzi hupati. Paswedi nzuri na kutenga wageni vinamtosha.

KijanaWaNjiro
Nakubaliana na dada wa Sakina na mzee kwa kila kitu. Nyongeza ndogo kwenye majina: kisanduku cha mbele na Apple ya nyuma vipe jina MOJA la waifai ya familia, paswedi moja, usalama aina moja, herufi kubwa na ndogo zifanane. Simu ikitoka dukani kwenda chumbani itahama yenyewe bila mtu kuigusa. Kinachotofautiana ni chaneli tu. Na sababu nyingine ya kuiacha Apple kwenye Bridge Mode, sasisho zake za usalama zilikuja mara ya mwisho 2019 huko, ni mashine imara lakini ni ya zamani, sitaki ndo iwe mlango wa kwanza unaotazama intaneti. Kisanduku cha kampuni kikae mbele, kampuni ndo wanakisasisha, Apple ifanye kazi ya kusambaza, hapo itakutumikia bado.

MamaSteshenari
Shikamoo mzee wangu wa Rau, na nyie wote Mungu awabariki. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilisubiri fundi wa umeme wa hapa mtaani aje anipitishie waya juu ya dari, kwenye ununuzi nilikwangua ncha kama mzee alivyosema, duka la kwanza nyeupe, la pili nyekundu mpaka ndani, nikanunua hiyo. Apple sasa iko koridoni juu ya kabati la vyombo, imetazamana na mlango wa binti. Chaneli mbele 1, nyuma 11, 5 GHz kama mlivyoandika. Upana kweli ulikuwa umewekwa 40 kwenye kisanduku cha kampuni, nimeuweka 20.

Kipimo chumbani kwa binti: 19. Kifurushi kile kile!! Jana kakaa kipindi kizima na kamera imewashwa, ametoka anacheka. Karatasi ya ukutani nimeichana, wateja wana waifai yao ya wageni, nimejaribu kuprinti nikiwa kwenye hiyo imegoma, kwa hiyo kutenga kumekubali.

Swali moja limebaki. Nina ile UPS (betri ya akiba) ndogo ya rauta ya 12V, inashikilia kisanduku cha kampuni umeme ukikatika. Naweza kuchomeka na Apple humo humo? Naona waya wake wa umeme ni ule wa kama wa redio, hauna adapta.

KijanaWaNjiro
Hongera sana dada, 19 ndani ya chumba kile ni safi kabisa, zaidi ya hapo huwezi kupata kwenye kifurushi cha 20.

Kwa UPS jibu ni hapana, na asante umeuliza kabla ya kujaribu. AirPort Extreme ya hiyo aina adapta yake iko ndani ya mwili wake, inakula umeme wa ukutani moja kwa moja, volti 100 mpaka 240, ndo maana imefanya kazi kwako bila transfoma japo ilinunuliwa Marekani. Haina tundu la 12V kabisa, asije mtu akakuambia akukatie waya aunganishe. Ukitaka iwake umeme ukikatika inabidi UPS yenye soketi za kawaida kama za kompyuta, ukinunua ndogo tu inatosha maana haili umeme mwingi.

Lakini kwa sasa si lazima. Umeme ukikatika kisanduku cha mbele kitabaki kwenye UPS yako ya 12V, waifai ya familia ina jina moja, binti akisogea sebuleni au dukani simu itaishika ya mbele yenyewe bila kuuliza paswedi. Laptopu iwe na chaji tu. Umeme ukirudi usichomeke Apple sekunde ile ile, subiri dakika chache utulie, huku kwetu umeme ukirudi huwa unarudi na kishindo, na hizi mashine hazitengenezwi tena.

MzeeWaRau
Marahaba mama. Mwambie huyo fundi wa dari aandike ncha zote mbili za waya kwa makapeni, "duka" na "koridoo", na aache kama mita moja ya ziada imeviringishwa juu ya dari upande wa koridoo. Ukija kutaka kuisogeza Apple karibu na chumba kingine hutakata wala kuunga.

MamaSteshenari
Sawa mzee, anarudi kesho kumalizia kufunika dari, nitamwambia aandike na aache hiyo mita.